Hakuna Karatasi, Panda Juu

Mume wangu hakufa.

Naanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pa duka lake la ushonaji, mimi nimeshika kitasa, yeye kalala kifudifudi katikati ya vitambaa, na wengi wenu mkaniletea pole za msiba. Asanteni. Zishikilieni kwanza. Siku yenyewe bado ilikuwa ndefu.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni mtahini mkuu wa bodi inayotoa vyeti vya waendesha kreni, zile mashine ndefu zinazoinua nondo na zege kwenye majengo ya ghorofa. Watahiniwa wananiita Mama Chujio. Siwalaumu.

Mwendesha kreni mmoja aliangusha furushi la nondo juu ya vibarua wawili waliokaa wanakunywa chai. Walikufa na vikombe mkononi. Yule bwana alikuwa na cheti, na cheti kilikuwa na sahihi yangu. Polisi walipombana akasema hajawahi kuendesha hata baiskeli. Maswali alinunua kabla ya mtihani, majibu akakariri kama wimbo, na sehemu ya vitendo chuo chake kilimthibitishia bila yeye kugusa mashine.

Nikasimamisha vyeti vyote vya mtihani ule. Nikaitisha marudio siku ya Jumamosi. Lakini sheria ya bodi ina kamba fupi: marudio yasipofanyika siku hiyo, Jumatatu vyeti vyote vinakuwa halali tena, cha mwizi na cha mwenye haki.

Kwa hiyo kuna watu waliotaka Jumamosi ipite kavu. Ijumaa mchana wakaenda kwa mume wangu.

Nilimgeuza polepole. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Jingine likanitazama.

"Mama watoto," akasema, "usikanyage hariri hiyo. Ya mteja."

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Kisha nikauona mkono wake wa kulia.

Waliuweka juu ya meza ya kukatia nguo wakaupiga kwa pasi, ile nzito ya chuma. Walipochoka kupiga wakaiacha pasi juu yake. Ilikuwa ya moto. Harufu iliyokuwa mle dukani sitaisema. Nyinyi huenda mnasoma mkiwa mezani.

"Nani?" nikamuuliza.

"Wawili. Sura siwajui."

"Walisema nini?"

"Walisema nikusalimie."

* * *

Hospitalini daktari alitoka na uso wa mtu anayetafuta pa kuanzia. Nikamwambia asizunguke, mimi nimezoea kutangaza matokeo.

"Vidole viwili tumeviondoa," akasema. "Vilivyobaki tutaviombea."

Mume wangu ni fundi cherehani. Tulipooana alinishonea gauni bila kunipima, kwa kukadiria tu, na halikuhitaji kurekebishwa hata mshono mmoja. Sasa mkono ule ulikuwa bonge la bendeji kama mtoto mchanga aliyefungwa nepi.

Mdogo wangu alikuja akikimbia. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wetu. Wazazi walipofariki mimi ndiye niliyemlea, nikamsomesha, nikamfunza hata kunyoa ndevu. Naye ni mwendesha kreni. Alifaulu kwa alama za juu katika mtihani ule ule, kwa hiyo cheti chake kilisimamishwa pamoja na vya wengine, na tangu siku hiyo alikuwa ananijibu salamu kwa kidevu.

Siku ile alisahau ugomvi. Akasimama miguuni pa kitanda, midomo inamcheza.

"Shemeji, pole. Pole sana, shemeji."

Mume wangu akageuza uso ukutani. Nikadhani ni maumivu.

"Dada," Kitinda akaninong'oneza kwenye korido, "achana na hayo marudio. Unapigania nini? Nondo zilishaanguka, marehemu hawarudi."

"Na watakaofuata?"

"Wewe si Mungu."

"Kweli. Ndiyo maana nahitaji mtihani."

Akaondoka bila kuaga.

Simu ikalia. Alikuwa Katibu wa bodi, bosi wangu, mtu mpole anayeogopa hata mlango ukijifunga kwa upepo.

"Mama, nimesikia. Tuahirishe."

"Tukiahirisha wameshinda, Katibu. Jumatatu wako juu ya kreni."

"Lakini usalama wako..."

"Wewe leta polisi kwenye uwanja wa mafunzo. Mimi nitaleta mtihani."

Akavuta pumzi ndefu. "Nitajaribu," akasema, na kwa jinsi alivyolitamka nikajua polisi hawatakuja.

Nikarudi kitandani. Nilitegemea mume wangu aseme neno la kunipa moyo. Huyu ndiye aliyeniambia, enzi naendesha kreni na wanaume wananicheka, kwamba waache wacheke, wanacheka wakiwa chini.

"Wape," akasema.

"Niwape nini?"

"Wanachotaka. Mtihani. Vyeti. Wape, mama watoto. Imetosha."

"Baba watoto, hata wewe?"

"Mimi nimeshalipa." Akainua lile bonge la bendeji. "Nimelipa kwa vidole. Na kuna kitu ambacho hata wewe ukikijua utatamani usingekijua. Wape."

"Kitu gani?"

Akafumba jicho lake moja zima. Nikamshikashika bega, nikambembeleza, nikamgombeza. Ukuta ungejibu mapema zaidi.

Nitasema ukweli kwa sababu ndio tuliokubaliana tangu wiki ya kwanza: nilitamani kuwapa. Nilitamani mpaka mate yakanikauka. Nilipofumba macho niliona pasi. Kisha nikaona vile vikombe viwili vya chai, vimelala kwenye vumbi, kimoja hakijamwagika chote.

Asubuhi nikavaa buti zangu za kazi.

* * *

Mfuko wa mtihani ni wa turubai jeusi, unafungwa kwa lakiri. Niliuchukua ofisini nikiwa peke yangu, nikauweka kiti cha mbele, nikashika njia ya uwanjani.

Kwenye uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha magodoro gari moja likanikatia mbele. Jingine likanibana nyuma. Kabla sijafunga kioo mkono ulikuwa umeshanishika kilemba pamoja na nywele.

Walinitoa kama gunia. Paji la uso likagonga boneti ya gari langu mwenyewe, mara ya kwanza nikaona nyota, mara ya pili sikuona kitu.

"Taratibu, vijana. Huyo ni mama yetu," sauti ikasema.

Niliijua. Ilikuwa ya mwenye chuo, yule tunayemwita Profesa. Huvaa tai hata kwenye joto, na miwani ya kusomea ambayo haijawahi kusomea chochote. Theluthi mbili ya vyeti nilivyosimamisha vilitoka chuoni kwake.

"Shikamoo, mama yangu," akasema.

Nikatema damu. Jino likatoka nayo.

"Huitikii? Basi. Mimi sina shida na wewe. Nipe mfuko, nakala moja tu niwape wanangu wapitie kabla hawajaingia. Saa ya kuingia watafanya mtihani wako, watafaulu, wewe utatia sahihi. Bodi safi, mimi safi, wewe mzima."

"Na vibarua?"

"Kila kazi ina ajali."

Mmoja wao, kijana mnene mwenye pete, alikuwa ameshachukua mfuko kutoka garini. Akakata lakiri kwa kisu. Profesa akaingiza mkono kwa hamu, kama mtu anayefungua chungu cha nyama.

Akatoa rundo la karatasi. Akageuza ya kwanza. Akageuza ya pili. Akalitupa rundo zima hewani.

Zilikuwa nyeupe. Zote. Hata mstari hazikuwa nao.

"Maswali yako wapi?"

Mdomo ulikuwa umejaa damu lakini nikacheka. Nilicheka kwa sababu kwa wiki nzima sikujua ni nani ofisini aliyevujisha maswali, basi nikaamua kutokuyaandika. Kisichoandikwa hakivuji. Kanuni inaniruhusu kumpima mtu kwa vitendo peke yake, mbele ya macho yangu, si mbele ya chuo chake. Hilo sikumwambia Katibu, sikumwambia mume, sikuliambia hata ukuta.

"Leo hakuna karatasi, Profesa," nikasema. "Leo wanao wanapanda juu."

Akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Kisha akasema kwa upole uleule, "Vunjeni kidole chake cha kushikia kalamu."

Mnene akanishika mkono, akaulaza kwenye ukingo wa mlango wa gari. Mwenzake akashika mlango kuufunga.

Wajinga. Nimeendesha kreni nusu ya maisha yangu. Mikono hii haikulelewa kwa losheni. Nilimng'ata mnene shingoni. Si kumgusa kwa meno, nilimng'ata kama mbwa, mpaka kitu kikaachia. Akapiga yowe la kike. Mkono ukaponyoka, mlango ukafungwa na kunasa vidole vyake yeye, pete na vyote.

Yule wa mlangoni akanipiga teke la ubavuni. Nikasikia mbavu moja ikilia ndani yangu, ka, kama kijiti cha kuwashia moto. Nikaanguka, mkono wangu ukagusa spana ya tairi iliyodondoka kutoka chini ya kiti waliponitoa. Nilimpiga nayo gotini. Akainama. Nikampiga tena alipoinama.

Profesa alikuwa anarudi nyuma, mikono mbele, "Mama, mama, tuzungumze." Nilimpiga spana ya mdomo. Tai ikabadilika rangi.

Sikungoja kuona ameangukia upande gani. Nikaingia garini, nikagonga gari la mbele, nikarudi nyuma nikagonga la nyuma, nikarudia mpaka uchochoro ukanitema.

* * *

Uwanja wa mafunzo ni eneo la kokoto lenye uzio, na katikati kreni moja ya zamani. Breki zake tumezilalamikia mpaka tumechoka, lakini kwa mtu anayejua, inatii. Chini yake kulikuwa na kitalu cha zege, bonge la mraba la kuinuliwa, uzito wa tembo na mtoto wake, na duara jeupe lililopakwa rangi: chukua kitalu, kizungushe, kiteremshe ndani ya duara bila kukibamiza. Mwenye ufundi hatoki jasho.

Watahiniwa walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Waliponiona, wengine walisimama. Gauni langu lilikuwa limelowa damu kuanzia kifuani, na sikuwa na hakika ipi ilikuwa yangu.

Katibu akaja mbio, kalamu mfukoni, suti imepigwa pasi. "Mama! Uso wako! Nani..."

"Polisi wako wapi?"

"Wamesema wanakuja."

"Basi tuanze."

"Huwezi kusimama!"

"Nimesimama."

Nikawageukia. Kila neno lilikuwa linapita kwenye ile mbavu kama uzi kwenye sindano yenye kutu.

"Leo hakuna karatasi. Mmoja mmoja mtapanda. Anayeweza atarudi na cheti chake kabla ya chakula cha mchana. Asiyeweza ateremke salama, aende akajifunze. Sitamshitaki."

Kisha kiti kikaruka.

Kilifuatiwa na kokoto. "Hatukuambiwa hivyo!" "Tulijiandaa na maandishi!" "Mwizi wewe!" Kofia ngumu zikawa mawe. Katibu alijikunja nyuma yangu, mimi niliyevunjika mbavu, akanifanya ngao. Watahiniwa wakagawanyika wenyewe: waliojua kazi wakawarukia waliokuwa wanatupa mawe, kwa kuwa ni hao waliowasababishia vyeti vyao kusimamishwa. Nikaona mtu akipigwa kwa mguu wa kiti mpaka mguu ukakatika. Nikaona mwingine akimeza kokoto kwa nguvu za mwenzake.

Aliyewanyamazisha hakusema neno. Ni jamaa mmoja mrefu, wanamwita Bubu ingawa si bubu, hapendi maneno tu. Alipita katikati ya ngumi, moja ikampata sikioni, hakugeuka. Akafika kwenye ngazi ya kreni. Akapanda.

Injini ikaunguruma. Mnyororo ukakaza. Kitalu kikaachana na ardhi kama mtoto anayeinuliwa usingizini, kikazunguka bila kuyumba, kikasimama juu ya duara, kikashuka. Hata vumbi halikutimka.

Ngumi zikaganda hewani.

"Amefaulu," nikasema. "Anayefuata."

Baada ya hapo hesabu ilijifanya yenyewe. Waliojua walipanga mstari. Wasiojua walianza kukumbuka kwamba wana wagonjwa nyumbani. Wakatoka getini mmojammoja, wameinamisha vichwa. Kwa mara ya kwanza tangu zile nondo, nikapumua, ingawa kupumua kwenyewe kuliuma.

Kisha Kitinda akafika mbele ya mstari.

* * *

Mtahini hampimi ndugu yake. Hiyo ndiyo kanuni, na mimi ndiye niliyeitetea mpaka ikapitishwa. Nikampa Katibu ubao wa kuandikia alama.

"Huyu ni wako."

Kitinda hakunitazama. Alikuwa amelowa jasho, na jua lilikuwa bado halijakomaa.

"Usiogope," nikamwambia. "Hii kwako ni kama kunywa maji."

"Ndiyo, dada," akasema, akapanda.

Nikarudi nyuma na redio yangu mkononi, ile ya kuzungumza na aliye juu ya kreni. Nilimwombea. Hilo kanuni haikatazi.

Kitalu kilinyanyuka kwa kishindo. Kikaruka, kikabembea, kikagonga rundo la vyuma kikavisambaza kama njiti. Watu wakatawanyika. Nikajiambia ni woga. Kikapanda tena, juu mno, kikaanza kuzunguka kwa kasi ambayo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza haiendeshi.

Ndipo nilipomsikia mume wangu.

Alikuwa anaingia getini na gauni la hospitali, miguu peku, bendeji imeanza kutota damu. Alikuwa ametoroka wodini.

"Mshushe!" alikuwa anapiga kelele. "Mama watoto, mshushe huyo mtoto! Hajui kitu!"

Nikamkimbilia. Tulikutana katikati ya uwanja.

"Unafanya nini hapa? Unataka kufa?"

"Alinunua," akasema, anahema. "Alinunua mtihani kama wenzake. Profesa akamwambia usipotusaidia tunamwambia dada yako. Jana nilikuwa nimefunga duka kwa ndani. Nilifungua kwa sababu nilisikia 'Shemeji, ni mimi.'"

Kokoto zikazunguka chini ya miguu yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeishije ukijua? Nilitaka uwape tu, yaishe, ubaki na mdogo wako."

Akataka kusema lingine. Akaanguka pale pale, mwili wote, na kichwa kikagonga kokoto.

Nikainua macho. Kitalu kilikuwa kinabembea juu yetu, kinakwenda upande huu na upande ule, na kivuli chake kilitufagia kila kilipopita.

Redio ikakwaruza.

"Amekwambia," sauti ya Kitinda ikasema.

"Ameniambia."

"Walisema watamtisha tu, dada. Naapa. Walisema makofi mawili. Nilipoona pasi nikakimbia."

"Ulikimbia."

"Usiseme hivyo!" Alikuwa analia. "Wewe ulifaulu kila kitu! Maisha yangu yote mimi ni mdogo wake Mama Chujio. Ningekuja kukwambia nimefeli? Mara ngapi?"

"Teremka, Kitinda. Tutazungumza nyumbani."

"Polisi ndio watazungumza. Mwambie Katibu aandike nimefaulu. Aandike, atie sahihi, anionyeshe ubao. La sivyo naachia."

Nilimshika mume wangu kwapani nikavuta. Mbavu ikanichoma mpaka nikapiga kelele. Alisogea kidogo, na kitalu kilivyokuwa kinabembea, kusogea kidogo hakukuwa na maana. Nikawaita watu. Waliokuwa karibu walitazama juu, wakarudi nyuma. Bubu peke yake alianza kuja, na kivuli kikampitia, na yeye akasimama.

Katibu akanifuata mpaka pale ujasiri wake ulipokomea. Akanyoosha shingo, akaninong'oneza kwa nguvu, "Mama, tuandike tu! Tuandike amefaulu, akishuka tunalifuta, tunamkamata!"

Nanyi mtanihukumu mnavyotaka: nilitikisa kichwa kukubali. Mume wangu alikuwa amelala chini ya tembo. Ningeandika amefaulu, ningeandika ni rubani, ningeandika chochote.

Ila kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza redio.

Nikakiondoa, nimechelewa. Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mdogo na kuniita usiku akiwa na homa.

"Mtalifuta," akasema. "Hata wewe, dada."

"Kitinda, sikiliza..."

Nikasikia kishindo redioni, kama ngumi juu ya bati. Alikuwa amepiga vile vishikio vya mashine kwa mikono miwili. Kamba ya chuma ikapiga mbinja. Kitalu kikaporomoka, kikakamatwa ghafla, kreni nzima ikainama na kulia, na vumbi la zege likatumwagikia machoni.

Halafu kikaanza kushuka chenyewe. Si kwa kasi. Breki ilikuwa inateleza, inashika, inateleza.

"Dada!" Hasira yote ilikuwa imemwisha. "Dada, sikukusudia! Hakisimami! Nishike kipi? Dada, nishike kipi?"

Katika miaka yangu yote ya utahini sijawahi kumpa mtahiniwa jibu. Si kwa ishara, si kwa kukohoa, si kwa jicho.

Nikamlalia mume wangu, nikafunika kichwa chake kwa kifua changu. Nikaleta redio mdomoni.

"Cha kulia!" nikapiga kelele. "Vuta cha kulia! Kirudishe chote nyuma!"

Kivuli kilikuwa kimeacha kutufagia. Sasa kilikuwa kimetulia juu yetu, kinakua.

"Kulia kwangu," Kitinda akauliza, "au kulia kwako?"